Mkate wa Mama Mdogo Hakuna Aulaye

Admin, nisitirie jina langu. Nina miaka thelathini na tatu, nimeolewa, kwetu ni Msambweni lakini tunakaa Ukunda. Mimi ni mpishi katika mkahawa mmoja wa Kituruki hapa Diani, wa nyama na samaki wa kuchoma. Mwenye kutaka kunitukana anitukane, lakini kwanza asome hadi mwisho.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mdogo wake. Mama mdogo alinisomesha kwa mkate wa mofa. Alikuwa na kibanda kando ya barabara, tanuri la udongo, anabandika mikate ya mtama kwenye kuta za tanuri kwa mkono mtupu, na watu wanakuja kununua wakale na mishikaki. Hakuwa tajiri, lakini alikuwa na heshima zake. Ukipita bila kumpa shikamoo, atakuita urudi.

Mwaka jana bosi wetu, Mturuki, akaamua vyakula vya Pwani vipikwe kisasa: samaki wa kupaka na mtindi wao mzito, mishikaki ya ukwaju juu ya biringani za kuchoma. Akaniuliza kama kuna mkate wa hapa. Nikamtaja mama mdogo. Akafurahi sana, akasema nikimleta ananifanya msaidizi wa mpishi mkuu.

Nikaenda Msambweni kumbembeleza. "Mama, moshi huu wa barabarani hadi lini? Njoo wageni wa Diani waujue mkate wako."

"Na wateja wangu, mwanangu?"

"Watazoea," nikamjibu.

Akafunga kibanda. Tanuri likapakiwa kwenye pikapu ya mkahawa.

Mwanzoni mkate wake ulifika mezani kweli. Kisha wageni wakaanza kuurudisha, eti mgumu, eti unanuka moshi. Bosi akaamuru mkate laini wa ngano utoke kwenye oveni ya gesi jikoni, uitwe "mofa ya kisasa". Mama mdogo abaki pale mlangoni na tanuri lake, amejifunga leso mpya, wageni wapate kupiga picha. "Wewe ndiye utakayemweleza," akaniambia. Sikumweleza.

Hadi leo anaoka. Mikate yake naikusanya mwenyewe kwenye sinia, napita nayo katikati ya wageni huku ananitazama, nikifika nyuma ya jikoni naitia kwenye pipa la mabaki. Zamani nilikuwa naipeleka nyumbani, ikazidi, mume wangu akaanza kuuliza maswali. Pipa lile huchukuliwa na mfugaji wa nguruwe. Mkate wa mama aliyenilea, jamani, na kila anapoukanda husema Bismillahi.

Juzi mgeni mmoja akaniuliza kwa Kiingereza kama yule bibi ni mwigizaji wa kukodiwa. Mama mdogo akadakia, "Asemaje?"

"Asema hajawahi kula mkate mtamu kama huu."

Akamshika yule mgeni mikono yote miwili, akamwombea dua. Mgeni akacheka, akatoa simu, akampiga picha.

Sasa mwenye kile kiwanja cha Msambweni palipokuwa na kibanda amempigia mama mdogo simu. Aliyepachukua mahali pake amehama, wateja wa zamani wanamuulizia, arudi kama anataka. Anangoja jibu hadi Ijumaa. Mama mdogo hataki kurudi. "Nitawaachaje wageni wangu?" akasema. "Na cheo chako je, mwanangu?" Cheo anakijua, maana bosi ameshatamka kwamba bibi akiondoka, nami narudi kumenya vitunguu. Mume wangu hana kazi. Nyumba yote inanitegemea mimi.

Jana nilijikaza nikamwambia, "Mama, kuna neno kuhusu huo mkate." Akaacha kukanda, akaniangalia kwa wasiwasi. "Chumvi imepungua?"

Nikasema, "Kidogo tu."

Leo ameongeza chumvi. Nimesimama nyuma ya jikoni nikala mkate mmoja mzima kabla ya kuitupa iliyobaki. Ni mtamu, wallahi ni mtamu.

Ndugu zangu, nikimwambia ukweli nitamvunja moyo na nitavunja nyumba yangu. Nikinyamaza, Ijumaa itapita na kiwanja kitapata mtu mwingine. Mngekuwa nyinyi, mngemwambia vipi? Nishaurini, nimeshindwa.