Shangazi Skolastika Alivyokataa Kusemewa

Iko siku ninayoikumbuka kila nikiwasikia vijana mkidai haki hapa Songea kwa kipaza sauti kikubwa, na watu wanaangalia simu zao. Mwanangu, kaa nikusimulie.

Nilikuwa msichana, kwetu Mpitimbi. Shangazi yangu Skolastika alifiwa na mumewe, na shemeji zake wakataka kumnyang'anya shamba la mahindi. Shauri likapelekwa mkutano wa kijiji. Desturi ya pale kwetu, mjane hasemi mwenyewe. Husemewa na mwanamume wa upande wa mumewe. Yaani haohao waliolitaka shamba! Nyie mnacheka. Sisi hatukucheka.

Asubuhi ile tulikuwa shambani tunapiga matuta. Shangazi alikuwa anayajaribu maneno yake, neno moja kila jembe likishuka. Nikamwambia, "Shangazi, watukane tu. Waite fisi."

Akasimamisha jembe. "Wewe mtoto, nikiwaita fisi watu watawatazama wao. Mimi nataka walitazame shamba. Haya, lima!"

Mkutanoni shemeji mkubwa akasimama ili amsemee. Shangazi naye akasimama.

"Pumzika, shemeji. Kung'oa visiki sikusemewa. Kupalilia sikusemewa. Kumuuguza ndugu yenu sikusemewa. Leo kwenye kula ndiyo nisemewe?"

Wanawake, waliokuwa wamekaa chini kule nyuma, wakaguna. Akawageukia.

"Nani alilima shamba lile?"

"Wewe!"

"Nani?"

"Wewe!" Safari hii na wanaume kadhaa waliitikia, hata mwenyekiti nilimwona midomo inamcheza. Shemeji akatafuta pa kukaa. Shamba likabaki la shangazi, akalilima mpaka uzee wake.

Mimi shuleni sikufika mbali. Nasikia kurudia kule na kuuliza kule mmepewa majina yake darasani, na ni vizuri uyajue. Ila tazama yalifanya kazi gani. Neno walilotaka kumfungia mdomo, alilirudia mpaka likawageukia wenyewe. Swali aliloliuliza, jibu lake kila mtu pale alikuwa nalo, basi akawaachia walitamke wao. Na jambo ulilolitamka mbele ya jirani zako, kesho utalikanaje? Tena neno "haki" hakulitaja hata mara moja. Alitaja visiki.

Kwa hiyo, mwanangu, usirudie neno kwa sababu linasikika vizuri. Rudia lile linalobeba uzito wa shauri lenyewe. Usiulize swali ambalo watu hawana jibu lake. Sema vitu walivyovishika kwa mikono yao, halafu nyamaza, uwaache waseme na wao.

Mungu akujalie sauti isiyotetemeka. Akuepushe na kujisikiliza mwenyewe. Na yule unayemtetea arudi nyumbani kwake akiwa na chake mkononi. Amina.