Novena ya Régina

Hapa kwetu Wamaza, zamani ukitaka kujua nani amepita barabarani, ulimuuliza wifi yangu Régina akitoka kusali. Macho alifunga, lakini masikio, haki ya Mungu, aliyaacha njiani. "Salamu Maria, umejaa neema... pikipiki ile iko ya nani?... Bwana yu nawe... inatoka Salamabila, ama?" Sisi wamama wa shirika la sala tuliuma vitenge tusicheke.

Mimi ni Jeannette, dada ya marehemu bwana wake, na tunakaa kiwanja kimoja. Kwa hiyo najua masikio yale yalikuwa yanatafuta nini. Héritier, mutoto wake wa pekee, alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu. Régina hakutaka. Siku ya kuondoka waligombana uani mpaka kuku wakatawanyika, na mama akamaliza kwa kusema, "Ukienda kwenye mashimo yale, usirudi kuniita mama." Mdomo wa wifi yangu hauna breki. Kijana akaenda kweli, na tangu hapo kimya, hata salamu hakutuma. Kila pikipiki iliyopita, moyo wa Régina uliruka, sala nayo ikaruka.

Sasa katekista wetu, Grégoire, mutu mwema lakini anapenda kufundisha kuliko kula, akamkemea mbele ya watu wote. "Mama Régina, unaomba mutoto arudi, na huwezi kumpa Mungu hata kitambo kidogo bila kugeuka? Fanya novena, sala ya siku tisa mfululizo. Ukishapiga magoti, usigeuke. Atakayekuita ni mshawishi tu, ni shetani."

Régina akaapa. Kila mchana akapiga magoti ndani ya nyumba, mgongo kwa mlango, uso kwa picha ya Bikira Maria.

Lo! Kijiji kilipata mchezo. Watoto wa jirani walipiga kelele, "Mama Héritier, mbuzi iko inakula muhogo!" Na kweli ilikuwa inakula, muhogo wetu tuliouanika pamoja. Hakugeuka. Majirani wetu Faridah na Cécilia wakatukanana mbele ya mlango wetu juu ya zamu ya kuchota maji, matusi matamu ambayo mimi mwenyewe nilitoa kiti nje niyasikilize vizuri. Wapi! Kesho yake Cécilia, mambo yamemshinda, akasimama mlangoni akadanganya, "Régina, nimeletewa habari za Héritier." Mgongo wa wifi yangu ulitetemeka, lakini shingo haikusogea. Nilimfukuza Cécilia kwa ufagio. Grégoire alitembea amevimba kifua, utafikiri magoti yanayouma ni yake. Mimi nilinuna. Mwanamke niliyezoea kupiga naye soga alikuwa amegeuka ukuta, na bugali nasonga peke yangu.

Novena ilipokaribia kwisha, nilikuwa natoka mtoni na beseni la muhogo kichwani, nikakutana na Héritier. Amekonda, mfuko begani. Na alikuwa anaondoka, hakuwa anakuja.

"Weye! Unaenda wapi?"

"Narudi Salamabila, shangazi." Alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Nimesimama mlangoni, nimemwita mama mpaka sauti imekauka. Hata kichwa hakugeuza. Si alisema nisimwite mama? Basi, nimeelewa."

"Mupumbavu! Mama yako iko kwenye novena!"

"Hakuna novena inayomkataza mama kumwangalia mutoto wake," akasema, akaenda zake njia panda, mahali pikipiki zinapochukua watu.

Nilitupa beseni nikakimbia nyumbani. "Régina, Héritier amefika! Anaondoka!" Hakugeuka. Bila shaka, na mimi nilikuwa mshawishi! Nikamshika mabega nikamgeuza kwa nguvu, na Mungu akitaka kunihukumu kwa hilo, tutaonana. Uso wake wote ulikuwa machozi.

"Niliisikia sauti yake," akasema. "Ilikuwa yake kabisa, Jeannette. Nikasema, leo shetani ameiga vizuri."

Tukatoka mbio. Grégoire, mbele ya kanisa, akapaza sauti, "Mama Régina, novena haijaisha!" Nilimjibu neno ambalo nitalipeleka kwa padri kuliungama siku akipita huku.

Kwenye mteremko pikipiki ilikuwa imezama kwenye tope, Héritier anaisukuma kutoka nyuma.

"Héritier!"

Hakugeuka. Sijui ni kelele za injini au ni hasira. Régina akaita tena, akaita tena. Halafu akaingia kwenye tope na kumkamata shati.

"Nilikusikia," akamwambia, anahema. "Sitakudanganya. Nilikusikia vizuri kabisa."

"Sasa mbona hukugeuka?"

"Nilikuwa nakuombea urudi."

Héritier akamwangalia. Dereva akauliza kama tunasukuma ama tunaongea. Kijana akatoa mfuko wake kwenye pikipiki, akampa mama yake aubebe.