Mkwe Mwenye Jina la Adui

Nondas, fundi wa pampu za maji hapa kwetu Lefktra, jina lake kamili ni Epaminondas. Alipewa na bibi yake, ambaye hakulitafuta mbali: katikati ya mashamba yetu ya pamba limesimama jiwe la ushindi, pale ambapo jemadari Epaminondas wa Thebes aliwavunja Wasparta zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kwetu jina hilo halimshtui mtu. Lakini Nondas akaenda kumpenda binti wa Sparta.

Asimina alikuwa amekuja Thebes kufundisha ushonaji. Walipoelewana, Nondas aliazima suti ya kaka yake, akashuka kusini kuposa. Baba wa binti, Mzee Dikeos, mkulima wa mizeituni, alimkatia nyama ya moshi na kummiminia divai.

"Unaitwa nani, kijana?"

"Epaminondas, mzee. Natokea Lefktra."

Mzee akaiweka chupa chini. "Asimina, mwanangu, vijana wote wa nchi hii, ukaniletea huyu?"

"Baba, huyu hajampiga mtu."

"Babu zake ndio walionipiga mimi."

Ndoa ikafungwa, maana mzee hakumuweza bintiye. Ila jina lile alikataa kulitamka. Akipiga simu alikuwa akiuliza, "Bwana Pampu yupo?" Nondas alikuwa akicheka, ingawa Asimina aliwahi kuniambia kwamba jambo hilo lilimchoma mumewe.

Wakapata binti, Kaliroi, kisha mwingine, Lemonia. Uzazi wa pili nusura umwondoe Asimina, na daktari akasema basi, inatosha. Kwetu mjukuu wa kiume, mtoto wa mwana wa kiume, ndiye hubeba jina la babu, kwa hiyo siku ya ubatizo wa Lemonia utani ukaanza mkahawani.

"Nondas, wewe jina lako linaishia hapo hapo."

Nondas akakoroga kahawa yake. Mzee Dikeos, aliyekuja kwa ubatizo, ndiye aliyejibu.

"Huyo jemadari wenu aliacha watoto wangapi wa kiume?"

Hakuna aliyejua.

"Hata mmoja. Inasemwa alipokuwa anakata roho, rafiki zake walimlilia kwamba hana mrithi. Akawaambia anaacha mabinti wawili: ushindi wa Lefktra na ushindi wa Mantinea. Na ninyi mnamtaja mpaka leo."

"Mzee, haya wewe Msparta umeyajulia wapi?"

"Aliyekupiga huwezi kumsahau," akasema Mzee Dikeos. "Haya, mwacheni mkwe wangu anywe kahawa."

Hata siku ile jina hakulitamka. Lakini Nondas alirudi nyumbani akambeba Lemonia jioni nzima, hakumpa mtu.

Tangu hapo, kila msimu wa kuvuna zeituni, Nondas hufunga karakana na kushuka kusini na mkewe na mabinti. Mzee hapandi tena ngazi. Hukaa chini akimwonyesha mkwewe matawi ya kupiga ili zeituni zianguke, na wakibishana, basi ni juu ya mafuta ya zeituni tu.