Spika Nne za Baba na Sauti ya Mama

Kwanza ilikuja harufu ya plastiki iliyopata moto, kisha ukimya. Kila mama alipofika pale pa kupaza sauti, amplifaya ya baba, mashine ya kukuza sauti niliyoketi kando yake, ilizima. Ilikuwa miaka ya themanini, kijijini Samuye, msimu wa ngoma baada ya kuuza pamba. Makundi mawili yalicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi. Mama ndiye aliyekuwa manju wetu, kiongozi wa kuimba. Baba alikuwa amemtengenezea makasha ya mbao yenye spika nne kubwa za gari, akaziunganisha na amplifaya iliyotumia betri ya lori. Zilipounguruma, vumbi lilicheza miguuni petu. Zilipozima, watu waligeuka kwenda upande wa pili huku wakicheka.

Wazee wa kundi hawakulaumu nyaya. Walisema wapinzani wamemfunga mama koo kwa dawa, kwa sababu akiimba chini mashine inakwenda, akipaza tu inakata. Wakaanza kunong'ona kwamba uimbaji apewe mwingine. Baba naye, Mungu amrehemu, akafunga kifurushi cha dawa ya kinga kwenye kishikio cha amplifaya! Mimi sikutulia hata kidogo. Nilihangaika huku na huku, mara naangalia watu, mara naipepea mashine kwa pindo la kanga. Mwishowe mama akaacha kupaza. Akaimba kwa kujibana, mashine haikuzima, wazee wakanyamaza, akabaki na umanju wake.

Asubuhi moja baba alikuwa akijaribu kanda, waya wa spika moja ukachomoka, na mashine ikadumu kuliko siku zote. Akaondoka mbio kwenda kuuliza kwa mafundi redio wa Shinyanga mjini. Kumbe kila spika ilikuwa ya omu nne, kipimo cha jinsi inavyozuia umeme, na amplifaya nayo ilitaka omu nne. Yeye alikuwa ameziunganisha zote bega kwa bega, chanya na chanya, hasi na hasi, ikabaki omu moja tu, na umeme mwingi ukapita hadi mashine ikaelemewa. Akazipanga upya mbilimbili, moja ikifuata nyingine kwenye waya, kisha jozi zote mbili akazipeleka bega kwa bega kwenye amplifaya. Hesabu ikarudi nne. Akafungulia kanda mpaka mwisho, kuku wakatimka, na mashine haikuzima.

"Mama Kabula," alisema, "kosa ni langu, si koo lako. Jumamosi paza utakavyo."

"Nimekusikia, Baba Kabula," mama alijibu, akiendelea kupepeta mtama.

Jumamosi nilisubiri kwa hamu. Mama alifika pale pa kupaza, akavuta pumzi, akateremsha sauti. Wimbo baada ya wimbo aliiteremsha. Tulishinda siku ile, lakini nililia kwa hasira, nikamuuliza kwa nini.

"Mwanangu, koo limeshazoea kuogopa," alisema.

Leo kijana wangu anaendesha gari kule Geita, buti lote spika, na omu zake zimekaa sawa, nimemuuliza. Linanguruma kutwa bila kuzima. Wajukuu wakinitaka niwaimbie alivyoimba mama, nawaimbia ile sauti ya chini, ndiyo ninayoijua. Ile ya juu imenipotea, na sasa vyombo vya kuibeba viko tele kila mtaa.