Koti la Shukrani

"Jiwe hili alikupa nani?"

Niliulizwa swali hilo mbele ya watu, kwenye kipaza sauti, nikiwa nimevaa gauni nililoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Nilizoea kuuliza, si kuulizwa. Chuo kikuu wahadhiri walinichoka kwa maswali yangu, na mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimenyoosha mkono kuomba nafasi ya kuuliza. Siku ile nilisikia pumzi yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika, basi.

Jiwe lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, kijijini, nje kidogo ya mji wa Shinyanga ukishapita Ibadakuli. Mawe makubwa huku kwetu si jambo la kushangaza, yamejaa mashambani, lakini mengi ni meusi na yana magamba yanayokwaruza. Hili lilikuwa bapa, pana kuliko nyumba, na jeupe. Wanawake wa ukoo walianikia hapo michembe, yaani vipande vya viazi vibichi, na matobolwa tangu sijazaliwa. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kukaushwa mpaka viwe vigumu na vitamu kama peremende. Ukivianika kwenye turubai vinatoa jasho na kuota ukungu. Kwenye jiwe, jua linakausha juu na joto la jiwe linakausha chini.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yote ya biashara yangu. Nilimaliza chuo, nikatuma maombi ya kazi mpaka mwenye steshenari akawa ananiita kwa jina la digrii yangu. Siku moja nikabeba kiroba cha matobolwa hadi Maganzo, kwa wachimbaji wadogo wa almasi, kikaisha kabla ya mchana. Nikaanza kwenda mbali zaidi, Rwamgasa, kwenye dhahabu. Mtu anayeshuka ndani ya duara, lile shimo refu la kuchimbia, hawezi kushuka na sahani ya wali. Matobolwa anatia mfukoni pamoja na karanga, anatafuna huko huko chini. Wakaanza kuniita Dada Viazi. Nikawa na wanawake wanaonikatia, nikawa na pakiti zenye picha, na hatimaye duka kubwa la mjini likaziweka kwenye rafu, karibu na biskuti. Nilisimama mbele ya ile rafu nikajifanya mteja, nikachukua pakiti yangu na kuisoma kama sijawahi kuiona.

Nilifurahi. Sitaki mtu aseme sikufurahi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kwenye semina ya wajasiriamali mjini. Mtoa mada, kijana mwenye viatu vya kung'aa, alituambia tusherehekee kila hatua, hata ndogo, na kila asubuhi tutaje mambo matatu tunayoyashukuru. Nilinyoosha mkono.

"Na kama jambo lenyewe nimelifanya mimi, nimshukuru nani?"

"Dada, shukrani haina hesabu," alisema, na ukumbi ukapiga makofi. Hakuwa amenijibu, lakini sehemu ya kusherehekea niliipenda. Pakiti zilipoingia dukani, nikapanga kitu kidogo: mimi na wanawake wanaokata viazi, pilau, soda, tukae juu ya jiwe letu jioni tucheke.

Nikamwambia mama. Mama akamwambia baba mkubwa. Kwa kuwa baba yangu alikwisha kufariki, kaka yake huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na hapo ndipo sherehe yangu iliponitoka mikononi. Ikawa shukrani rasmi. Ikapata mshereheshaji, muziki wa kukodi, mwenyekiti wa kitongoji, na mgeni rasmi ambaye alikuwa baba mkubwa mwenyewe. Mama alikwenda mjini akanunua koti la suti la kijivu, zawadi kwa mgeni rasmi.

"Amefanya nini?" nilimuuliza.

"Ni baba yako mkubwa."

"Hilo ni jina, mama. Nimeuliza amefanya nini."

"Nyamaza, mwanangu. Watu wanashukuriwa."

Siku ya sherehe viti vilipangwa juu ya jiwe. Kiti cha sofa cha baba mkubwa kilibebwa kutoka sebuleni, kikawekwa katikati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Wanawake waliokuwa wakinikatia viazi, ambao sherehe niliiwaza kwa ajili yao, walikuwa chini kwenye masufuria, wanapika, macho mekundu kwa moshi. Pamoja nao alikaa shangazi, dada mkubwa wa baba yangu na wa baba mkubwa. Shangazi aliachika zamani akarudi nyumbani, na kazi aliyojipa ni kufukuza mbuzi kwenye jiwe na kutugombeza. Hakuruhusu mtu apande na viatu. "Vua," alikuwa akiniambia kila siku, hata nikiwa nimebeba karai kichwani. Nilibishana naye mara nyingi, nikimwambia hayo ni mambo ya mila, jiwe halina adabu ya kuvunjiwa. Siku ile watu wote walipanda na viatu vyao vya sherehe, na yeye akakataa kupanda.

"Shangazi, njoo ukae mbele," nilimwita.

"Nikae na nani huko? Na spika?" Akacheka mpaka wenzake wakacheka. "Endeleeni kushukuriana, ng'wanone, mwanangu. Msisahau na jua, ndilo limekausha. Litakuja kudai kanga."

Mshereheshaji alimshukuru Mungu, akaishukuru serikali, akamshukuru mwenyekiti kwa amani. Kisha akanigeukia na lile swali, kwa sauti tamu ya mtu anayejua jibu analolitaka. Jiwe hili alikupa nani?

Nilijua hakuna aliyenipa. Nilijua pia kwamba watu wote wamegeuza nyuso kwa baba mkubwa, na yeye ametazama chini kwa unyenyekevu, kama bwana harusi. Kusema "hakuna" mbele ya wazee kungekuwa kumtukana. Kusema "baba mkubwa" kungekuwa uongo.

Mama akanipokonya kipaza sauti. Akapiga magoti mbele ya lile sofa, na koti mikononi.

"Jiwe alitupa shemeji yangu. Wabeja, baba. Asante. Bila wewe tusingefika hapa."

Watu walipiga vigelegele. Baba mkubwa alisimama akavaa koti, likamkaa vizuri mno. Muziki ukawashwa. Mimi nilishuka kwenda kwenye masufuria nikaanza kuosha sahani, na hakuna aliyenikataza.

Jioni nilimwambia mama, "Umempa jiwe."

"Nimempa neno tu. Mtu mzima anapewa neno, anafurahi, mambo yanakwenda. Wewe chuo walikufundisha nini?"

Mvua zilipokwisha, ikaja lori la matairi chakavu na kuni. Wanaume wakapanda kwenye jiwe, na viatu, wakapanga matairi na kuyachoma. Ndivyo wanavyopasua mwamba huku: wanauchoma mpaka uwe mwekundu, wanaumwagia maji, unapasuka, kisha nyundo. Mkandarasi mmoja wa barabara alikuwa akinunua kokoto, na baba mkubwa alikuwa amemuuzia jiwe.

Nilikimbia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Moto ulisimamishwa, tukaitwa kwenye kikao. Baba mkubwa alikuja amevaa koti la kijivu. Na mimi, niliyekuwa nimekuja kumshitaki, ilibidi nianze kwa kuinamisha kichwa.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Sijawahi kuchukia salamu kama nilivyoichukia ile.

Nilizungumza vizuri. Nilieleza kwamba jiwe halikuwa la mtu, kwamba wanawake wamelitumia miaka yote, kwamba wapo wanaokula kwa jiwe hilo. Mwenyekiti alisikiliza huku akijichokonoa meno. Nilipomaliza, baba mkubwa hakusimama hata.

"Mwenyekiti, ulikuwepo kwenye sherehe?"

"Nilikuwepo. Pilau lilikuwa zuri."

"Nilishukuriwa au sikushukuriwa?"

"Ulishukuriwa."

"Kwa lipi?"

"Kwa jiwe."

Akashika ukosi wa koti lake kwa vidole viwili. "Mtu hushukuriwa kwa kitu cha jirani?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akanigeukia. "Binti, nyie wenyewe mlisema kwenye kipaza sauti. Sasa unataka tuseme mama yako ni mwongo?"

Nilimtazama mama. Alikuwa akivuta kanga yake, anaikunja, anaikunjua. Ningesema ndiyo, ni mwongo, ningelipata jiwe labda, na mama angeishi kijijini hapo na jina hilo. Nilisema, "Hapana." Kikao kikafungwa kwa sala.

Tangu hapo sisikii neno shukrani bila damu kunipanda. Nimeona linavyofanya kazi. Anayeshukuru hupiga magoti, anayeshukuriwa huvaa koti, na kilichokuwa cha wote kinapata mwenyewe. Wale vijana wa semina hawalijui hilo, au wanalijua na viatu vyao vinang'aa kwa sababu hiyo. Nilitaka kusherehekea kazi yetu. Nilitaka tu kula pilau na watu tuliofanya nao kazi. Hilo nalo likageuzwa kuwa ushahidi.

Walichoma jiwe msimu mzima. Moshi wa matairi uliingia hadi kwenye nguo zilizokunjwa kabatini. Wawili kati ya wanawake waliokuwa wakinikatia viazi walikwenda kuponda kokoto hapo hapo, wamekaa juu ya vipande vya kile walichokuwa wakianikia. Sikuwalaumu. Shangazi hakwenda tena upande ule. Alihamisha kigoda chake mbele ya nyumba, akakaa ameupa moto mgongo.

Nilihamia kwenye jiwe jingine, mbali kidogo. Lilikuwa bapa na pana, nikasema jiwe ni jiwe. Viazi vikakauka, lakini vilishikwa na magamba meusi na chembe za mchanga. Rwamgasa kijana mmoja alitafuna kipande, akatema mkononi akakichunguza.

"Dada Viazi, haya tuyale au tuyaoshe kwenye karai? Naona kuna dhahabu humu."

Wenzake wakaanguka kwa kicheko, nami nikacheka, nikarudi na viroba vyangu vikiwa vimejaa. Duka la mjini likarudisha pakiti. Nililisafisha lile jiwe kwa ufagio, kwa maji, kwa brashi ya chuma. Halikukubali. Nikadhani mawe yametofautiana asili, moja ni jeupe na jingine ni jeusi, basi. Mimi, mwuliza maswali, hilo sikuuliza.

Niliacha biashara ya matobolwa. Sasa nauza karanga za kukaanga, na nakodi chumba mjini. Sina sherehe ninayoipanga.

Miaka ilipita, baba mkubwa akafariki. Nilikwenda msibani kwa sababu mama alinipigia simu akilia, na nilikaa kwenye mkeka na wanawake nikiwa na hasira zangu zote. Shangazi alikuwa karibu na ukuta, amelilaza lile koti la kijivu mapajani. Alilia kwa Kisukuma, kwa namna wanavyolia wazee wetu, akimtajia marehemu mambo ya utotoni moja moja. Alitaja ng'ombe waliowapoteza, alitaja mama yao. Kisha akataja jiwe. Alisema lilikuwa jeusi kama mengine, na mama yao alitaka mahali pa kuanikia. Alisema aliyelisugua ni yeye mwenyewe, shangazi, kwa majivu na mchanga na vipande vya vyungu, msimu baada ya msimu, mpaka likawa jeupe. Na aliyempandishia maji na majivu, amebeba kichwani, peku, siku zote hizo, alikuwa mdogo wake, huyo tuliyekuja kumzika.