Muuaji Niliyemchagua Mwenyewe

Mimi sikusoma. Darasa la saba liliniishia njiani, na leo magari meusi yanayopokea wageni wa mahoteli ya Alexandria, hapa Marekani, mengi ni yangu, na madereva wenye digrii zao wananiita bosi. Kama ni kujisifu, basi na iwe. Nataka tu ujue posa ililetwa kwa mtu wa namna gani: mtu asiyedanganyika.

Washenga walikuja kumposa binti yangu kwa niaba ya kijana wa Kikongo anayekaa Langley Park. Nikawapa chai, nikawaambia jibu watalipata. Kwetu jibu halitoki siku ileile, kwanza mtu anachunguzwa. Nami nilimchunguza. Akija kwangu huchagua kiti kinachotazama mlango. Anakula kidogo, anashukuru sana. Simu yake huilaza kifudifudi mezani, ikitetemeka anatoka nayo kibarazani na kuongea Kifaransa cha chinichini. Binti yangu nikimwuliza, ananijibu kwa Kiingereza chake kwamba mimi namshuku kila mtu. Kweli. Ndiyo maana sijawahi kuibiwa gari.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, kijana akatuletea filamu. Mpya, lakini wameipiga nyeusi na nyeupe kama za zamani, imetolewa kwenye kitabu anachokipenda. Mwanamke anakutwa amekufa chumbani hotelini, na mpelelezi mwenye kofia anazunguka mvuani akiuliza maswali. Nikajisemea, mtu gani huyu anayepeleka maiti ukweni?

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na Kiingereza hakijui. "Baba, hebu tutafsirie," akaniambia.

Aliomba mahali pake. Kabla sijaja Marekani nilikuwa mtafsiri kwenye banda la video, nakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, filamu ya Kichina, ya Kihindi, lugha nisizozijua hata salamu, na watu waliacha banda la jirani kuja kunisikiliza mimi. Mtafsiri wa bandani hatafsiri, anasimulia. Neno likikosekana anatia lake.

"Yule mwenye kofia ndiye steringi?" mama akauliza.

"Ndiye, mama."

"Basi hafi. Tuonyeshe adui."

Adui nikamchagua palepale. Kulikuwa na karani wa hoteli, mpole, anayepokea simu kwa kunong'ona. "Mtazameni huyu," nikasema. "Heshima nyingi, shikamoo nyingi, kula hali. Na kwa nini anakaa akitazama mlango? Ana safari ya kukimbia."

Kijana sikumtazama. Nilimwangalia kwenye kioo cha kabati. Ametulia kama maji ya mtungini.

"Lione jicho lake!" mama akasema. "Jitu la kuua hilo!"

"Baba watoto," mke wangu akadakia, "karani kaongea dakika nzima, wewe umetupa maneno matatu."

"Nimefupisha."

Mwishoni mpelelezi akawasha sigara, akavuka daraja, filamu ikaisha. Hakukamatwa mtu. Karani tulimwacha kaunta anagawa funguo.

"Ee baba," mama akanigeukia, "mbona hawajamfunga?"

Miaka yote ile bandani sikukutana na filamu inayoisha adui hajapigwa. Binti yangu, aliyesikia kila neno la Kiingereza, alikuwa ameshafumbua mdomo. Kijana akamtangulia.

"Bibi, polisi banangoja ushahidi. Batamukamata tu."

"Haya," mama akasema, akaridhika, akaomba kahawa.

Wengine wangefurahi. Mimi nilizidi kushuku. Kijana alikuwa amekisoma kitabu, na alijua karani yule nimemvisha sura yake yeye. Akadanganya bila kupepesa jicho, kwa faida yangu. Sasa anayejua kusitiri hivyo, binti yangu atamficha nini?

Nikamtoa kibarazani. "Kitabuni muuaji ni nani?"

"Hakuna, Papa. Habakumupata."

"Na karani?"

"Karani alikuwa mutu muzuri tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ni nyumba yako, Papa. Nilikuya kuomba, sikukuya kusahihisha."

Jibu zuri. Zuri mno. Simu ikatetemeka mfukoni mwake.

"Pokea. Hapahapa."

Akapokea, akafungua na spika bila kuambiwa. Alikuwa mama yake, anauliza kama wakwe wamemlisha. Anauliza kwa Kiswahili. Sasa kile Kifaransa kilikuwa cha nani?

Binti yangu alikuwa akituangalia kupitia kioo cha mlango, mikono ameifumbata, na kwa jicho lile nilijua siwezi kuwaweka washenga zaidi. Nikawaita, nikakubali. Sharti langu likawa moja: mpaka siku ya harusi, kila Jumapili, kijana aje anisomee kile kitabu kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Mama amesharudi Tanga akiamini karani yuko jela. Kijana anakuja, anasoma vizuri, haruki kitu, au ndivyo ninavyodhani. Kiti kinachotazama mlango sasa nakikalia mimi.