Jezi ya Udi

Kila nikipita Edgware Road, udi ukinukia kutoka maduka ya Waarabu, wenzangu hukumbuka harusi. Mimi nakumbuka jezi ya baba.

Msimu ule timu yake ilikuwa imeshaikosa ligi na imetolewa kwenye vikombe vyote vya Uingereza, imebaki na Ulaya tu. Siku za Ulaya baba aliifukiza jezi udi kama kanzu ya Ijumaa, akatuwekea na sharti: timu yake ikifunga, kila mtu abaki pale pale alipo mpaka mpira uishe. Mtu mzima, fundi umeme, aliamini ushindi unatokana na makalio yetu.

Jioni ya robo fainali timu ilifunga mapema, mama akiwa kakaa nami sakafuni. Simu yake ikalia jikoni. Ikakatika, ikalia tena.

"Hao wa Unguja," mama alisema. "Tangu asubuhi mama yangu hali yake mbaya."

"Kaa hapo hapo," baba akasema. "Mpira ukisha utawapigia."

Mama akakaa. Dakika za mwisho timu ikafungwa mawili, ikatolewa, na baba akalia kwa kwikwi. Mama alipopiga, kaka yake akamwambia bibi keshafariki, na kwamba alikuwa akiomba asikie sauti ya bintiye.

Jamaa zetu wa Thamesmead walipofika, walimkuta baba kavaa kanzu juu ya jezi, macho mekundu.

"Maskini, alivyompenda mkwewe," wakasema.

Baba akainamisha kichwa, akapokea pole zote.